Barua ya wazi: Kabla ya kumtundikia dripu, mpimeni moyo

Kwa:
Waziri wa Afya,
Waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya,
Waganga Wafawidhi wa vituo vya afya vyote.

YAH: VIJANA WANAOUMWA MOYO NA KUTIBIWA MALARIA

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya kata, Kanda ya Ziwa. Udaktari sikusomea. Haya ninayoyaandika nimeyaokota kwenye benchi la wodi, nilikokaa siku 19 nikimuuguza mdogo wangu na kuuliza maswali mpaka manesi wakawa wakiniona wanageuza njia. Daktari mmoja hakugeuza. Alinijibu yote, na mengine alinichorea nyuma ya karatasi ya maabara.

Mdogo wangu ana miaka 23. Kazi yake bodaboda. Jioni ni beki wa kulia wa timu ya mtaa, zile za ndondo ambazo jezi hufuliwa na mama wa kipa. Machi mwaka jana alishikwa na mafua: homa, koo, viungo kuuma. Siku ya tano akaamka mzima, akarudi kijiweni, na Jumamosi akacheza dakika zote 90. Siku kama kumi baadaye akaanza kusema kifua kinambana. Akilala chali anakosa pumzi, anaamka na kuegemea ukuta. Akipandisha kilima cha kwetu anahema utadhani yeye ndiye aliyeibeba pikipiki.

Tulikwenda hospitali mara nne, vituo viwili tofauti. Sivitaji, na sina nia ya kumchongea mtu. Mara ya kwanza kipimo cha malaria kilisema hana. Dawa ya mseto akapewa hivyo hivyo. Mara ya pili ikawa UTI na taifodi, yale mapacha ambayo nadhani kila Mtanzania amewahi kuandikiwa. Mara ya tatu madonda ya tumbo, akakatazwa maharage. Mara zote tatu hakuna aliyemshika mkono akahesabu mapigo. Nasema kwa uhakika kwa sababu daftari lake ninalo. Palipo na joto pameandikwa, palipo na uzito pameandikwa, palipo na mapigo ya moyo pana kistari. Vistari vitatu, tarehe tatu.

Mara ya nne ilikuwa usiku. Miguu imepoa, presha imeshuka, anaongea neno moja moja. Wakasema amepungukiwa maji. Akatundikiwa dripu, akachomwa na sindano ya maumivu, diklofenaki, kwa ajili ya kifua. Chupa ya kwanza ikaisha. Ya pili ilipofika nusu akaanza kukohoa povu, akakaa kitandani ameshika magoti, macho yamemtoka. Mimi nilikuwa namshikia ile chupa, maana ndoano ya stendi ilikuwa imekatika. Nikawa naitazama inavyodondoka, tone kwa tone, nikijua kuwa inamsaidia.

Aliyemwokoa ni tabibu kijana aliyeingia zamu saa sita usiku. Alimshika mkono, akatazama saa ya ukutani, midomo ikihesabu. Akarudia. "Mia na thelathini na nne," akasema, akaifunga dripu palepale. Akaenda kona ya chumba, kwenye kitu nilichodhani ni redio: kimefunikwa kitambaa cha kudarizi, juu yake kopo la pamba. Ilikuwa mashine ya ECG, ile ya kupima umeme wa moyo. Nzima kabisa. Ila karatasi zake zilikwisha tangu Desemba, na hakuna aliyeagiza nyingine. Yule kijana akambandika zile nyaya kwa jeli ya kupimia wajawazito, akaiwasha, akakipiga picha kile kioo kidogo cha mashine kwa simu yake mwenyewe, kipande kwa kipande, akamtumia mwenzake wa hospitali kubwa kwa WhatsApp. Jibu lilirudi baada ya dakika 11: "Hii si malaria. Toa dripu, mpe dawa ya kukojoza, mkalishe, mlete."

Habari ya mafuta ya gari la wagonjwa nairuka. Mnaijua.

Hospitali ya kanda walimtoa damu wakapima troponini, protini ambayo hukaa ndani ya nyama ya moyo na haitakiwi kuonekana kwenye damu ila nyama hiyo ikiumia. Ilikuwa juu sana. Picha ya kifua ikaonyesha mapafu yamejaa maji, na moyo umetanuka. Kisha eko, kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Daktari aligeuza kioo nione: chumba cha kushoto, ambacho ndicho cha kusukuma damu mwili mzima, kilikuwa kikitikisika tu, kama mtu anayejaribu kukunja ngumi akiwa usingizini. Moyo mzima husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyoujaa, kila pigo. Wa mdogo wangu ulisukuma asilimia 28.

"Msuli wa moyo umevimba," akasema. Kwa kitabibu ni mayokaditisi. Nyumbani habari ilipofika ilishageuka kuwa "ana moyo mkubwa", na kwa shangazi ikawa ametupiwa kitu kwa sababu ya ile pikipiki mpya. Siwalaumu. Ugonjwa usio na jina mtaani huazima jina la mwingine.

Naomba nieleze jinsi nilivyouelewa, maana waraka mkiandika utapita kwa watu kama mimi kabla haujafika kwa watu kama mdogo wangu.

Moyo ni nyama, na nyama huvimba ikishambuliwa. Wanaoshambulia mara nyingi ni virusi, tena vya kawaida: vya mafua, vya UVIKO-19, vya jamii ya Coxsackie ambavyo watoto wengi huvipata na kupona bila mzazi kujua kulikuwa na nini. Kwa watu wengi vinapita. Kwa wachache vinaingia kwenye msuli wa moyo, kinga ya mwili inavifuata humo humo, na mapigano yanakuwa ndani ya nyumba. Chembe nyingine za moyo zinauawa na virusi, nyingine na askari wetu wenyewe, na wakati mwingine virusi vimeshaondoka na askari bado wanapiga. Ndiyo maana dalili huja siku kadhaa au wiki baada ya homa, wakati mgonjwa ameshajitangaza mzima. Virusi si peke yake. Sumu ya dondakoo huenda moyoni, na ni sababu mojawapo ya kutoichezea chanjo ya pentavalenti, inayokinga dondakoo, kliniki ya watoto. Wapo wanaoupata kwa VVU, kwa magonjwa ya kinga kama lupasi, hata kwa dawa fulani za wagonjwa wa akili kama klozapini. Na unawapenda vijana, hasa wa kiume, yaani wale wale ambao akilini mwa mhudumu hawana umri wa kuumwa moyo.

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Mzee wa miaka 65 akisema kifua kinabana, mtu atakumbuka presha. Kijana akisema hivyo ni vichomi, ni gesi, ni bangi, ni mapenzi. (Mdogo wangu aliulizwa kama ameachwa na mchumba. Kweli alikuwa ameachwa, lakini si hilo.)

Na juu ya hapo kuna mazoea yetu ya homa. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa hapa kwetu, Dar es Salaam na Ifakara: watoto 1,005 waliofika kliniki na homa wakapimwa kila kinachopimika. Malaria ilikutwa kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi. Walio wengi walikuwa na virusi. Hao walikuwa watoto, na malaria bado inaua Kanda ya Ziwa, sisemi ipuuzwe. Nasema kipimo kikisema hana, tuamini kipimo, kisha tuulize swali la pili. Sisi tuliuliza swali moja mara tatu.

Swali la pili halina gharama. Ni kuhesabu mapigo kwa dakika moja nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Kijana aliyekaa kitini, hana homa tena, na moyo unakwenda 130, hapaswi kurudishwa nyumbani na omeprazoli ya madonda ya tumbo. Muulizeni pia kama alikuwa na mafua wiki mbili zilizopita, kama analala ameegemea mito, kama amewahi kuzimia ghafla, kama moyo huruka pigo. Tazameni miguu kama imevimba. Sikilizeni mapafu.

Kisha ECG. Inachukua dakika zisizofika kumi pamoja na kuvua shati. Haimalizi maneno: inaweza kuonyesha mapigo ya mbio tu, au mabadiliko yanayofanana na ya mtu aliyeziba mshipa wa moyo, na mara nyingine hutoka safi na mtu akawa mgonjwa. Daktari alinisisitizia sana hilo, kwamba karatasi safi isitumike kumfukuza mgonjwa ambaye bado anahema. Lakini ikitoka mbaya inakata ubishi, na rufaa inaandikwa siku hiyo hiyo badala ya wiki ya tatu. Troponini nayo si ya hospitali kubwa tu. Vipo vipimo vya haraka vya tone la damu, vinasomwa kwa mistari kama kile cha malaria.

Vipimo vya juu zaidi vipo, na sidai vifike kwenye kata yetu. Picha ya MRI ya moyo huonyesha sehemu zilizovimba na zenye makovu. Kukata kipande kidogo cha nyama ya moyo kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa ndicho kipimo kinachomaliza kesi, ila hata nchi tajiri hukiweka kwa wagonjwa wachache walio hoi au wasioeleweka. Mdogo wangu hakupata hata kimoja kati ya hivyo viwili, na amepona. Alichohitaji kilikuwa chini kabisa ya ngazi, ndicho alichokikosa.

Matibabu yenyewe yatawashangaza kwa unyenyekevu wake. Kwa virusi vingi hakuna dawa ya kuviua vikiwa moyoni. Kinachofanyika ni kuupunguzia moyo mzigo mpaka upone wenyewe: oksijeni kama inahitajika, furosemaidi ya kutoa maji, enalaprili ya kulegeza mishipa, kavedilolo iliyoanzishwa kwa dozi ya chini alipotulia, na spironolaktoni. Dawa nne, zote za zamani, zote za bei ya kawaida. Tukiwa wodini zilipatikana. Tulivyorudi kwetu, dirishani tulipata moja. Tatu tukaambiwa tukanunue dukani, na duka la karibu lenye zote liko nauli ya shilingi 6,000 kwenda tu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na mimi ni miongoni mwa tulioishangilia. Kadi lakini hailiwi na chai asubuhi.

Yapo ya kukataza pia, na haya ndiyo yaliyoniuma zaidi kuyajua baadaye. Dripu ya haraka kwa moyo ulioshindwa kusukuma ni kumzamisha mtu akiwa kitandani. Diklofenaki na ndugu zake, ibuprofeni ikiwemo, si rafiki wa moyo uliovimba hivi, tena zinashikilia maji mwilini. Na steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, ambazo mtaani kwetu watu hunywa hata kwa kunenepa, hazitolewi ovyo: jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1995 kwa wagonjwa 111 lilikuta kwamba kuzima kinga ya mwili kwa kila mwenye ugonjwa huu hakukuwasaidia. Zipo aina chache ambazo bila dawa hizo mtu hatoki, hasa ile ya chembe kubwa, lakini hizo ni kazi ya bingwa.

Niseme kidogo la chanjo, maana kila nikisimulia kisa hiki kuna anayelipenyeza. Ni kweli kwamba chanjo za UVIKO-19 za teknolojia ya mRNA, Pfizer na Moderna, zilionekana kuleta ugonjwa huu kwa watu wachache sana, wengi wao vijana wa kiume, siku chache baada ya dozi ya pili, na walio wengi walipona. Ni kweli pia kwamba UVIKO wenyewe huuleta. Mdogo wangu alikuwa hajachanjwa, alikuwa na mafua. Mambo haya mawili ya kweli yangesemwa na wizara kwa sauti ya kawaida tangu mwanzo, wapiga ramli wa mitandaoni wangekosa mtaji.

Sasa mpira. Daktari alimwambia miezi mitatu hadi sita hakuna kukimbia, hakuna kubeba mizigo, hakuna pombe, na asirudi uwanjani kabla ya kupimwa tena. Moyo uliovimba ukilazimishwa unaweza kuvurugika umeme wake, na mtu akaanguka katikati ya uwanja bila kuguswa. Alphonso Davies wa Bayern Munich alikutwa na hali hii Januari 2022 baada ya kuugua UVIKO, tena ya kiasi kidogo, na bado klabu yake ilimweka nje mpaka Aprili. Kule kuna mashine ya MRI na jopo la madaktari kwa mchezaji mmoja. Huku kwetu mwanafunzi anatoka kwenye homa Jumatano, Ijumaa yuko kambi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, anakimbia mita 1,500, na mwalimu wa michezo, nami nimewahi kuwa huyo mwalimu, anamwita mvivu akikaa chini. Sitaki kuhesabu ni wangapi niliowaita wavivu. TAMISEMI mnazo shule na mnazo zahanati, ofisi ni moja. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha: aliyeugua homa asikimbizwe mpaka awe amepona kabisa, na anayesema kifua kinauma au anazimia akikimbia apimwe moyo kabla ya kurudishwa uwanjani.

Nawaombeni nini, basi? Roli za karatasi za ECG na jeli yake ziingie kwenye orodha ya kila robo mwaka kama glovu zinavyoingia, na mganga mfawidhi aulizwe zikikosekana. Kile kistari kwenye daftari kikataliwe: mgonjwa asitoke bila mapigo kuandikwa. Ile WhatsApp ya yule tabibu ifanywe kazi rasmi, kila mkoa uwe na namba moja na daktari wa zamu wa kusoma picha usiku, kwa sababu ilivyo sasa kijana wa kata yetu anaishi au anafariki kutegemea tabibu alisoma chuo na nani. Madaktari wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete huja mikoani kwa tiba mkoba, watu hujipanga tangu alfajiri, na ni jambo la kushukuru. Ila moyo uliovimba hausubiri ratiba ya ugeni. Na zile dawa nne zishuke mpaka kituo cha afya, walau kwa aliyekwisha kuandikiwa na bingwa.

Kuna wasiofika hata kwenye vistari. Kijana anakutwa amekufa asubuhi, anazikwa alasiri, na familia inagawanyika kwa kutafuta mchawi. Hilo ni refu, nitaliandikia siku nyingine.

Mdogo wangu alipimwa tena Oktoba. Asilimia 52. Daktari akamruhusu aanze kwa kutembea, kisha kukimbia polepole, dawa ziendelee. Alinieleza pia kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa aina yake hupona ndani ya wiki chache, kama robo hubaki na moyo dhaifu, na waliobaki huzidiwa, wengine wakafariki au kuhitaji moyo wa mtu mwingine. Siku hizi jioni anashika kibendera pembeni mwa uwanja na kugombana na kila kocha kuhusu kuotea.

Nami Desemba nilipokwenda Dar es Salaam kusahihisha mitihani nilinunua roli mbili za karatasi za ile mashine. Nikazipeleka kile kituo mwenyewe. Tabibu wangu alishahamishwa. Mtunza stoo alinisikiliza vizuri, akanikaribisha kiti, kisha akanieleza kwamba hawezi kuzipokea: mali isiyopitia kwenye mfumo haina pa kuandikwa, na niandike kwanza barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Niliandika Januari. Roli ziko kabatini kwangu, ofisi ya walimu, chini ya ramani ya Afrika, na mtakayemtuma kuzichukua atazikuta.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa jiografia, Kanda ya Ziwa